Wanajibu "nani" na "wapi", wakifika "kwa nini" wanakwama. Nianzie wapi?

Ticha wa Tandika

Habari za jioni walimu na wazazi. Nina kikundi cha tuisheni cha watoto 14 wa Darasa la Sita. Kusoma kwa sauti wanasoma vizuri, hawababaiki kwenye silabi. Nikiwapa kifungu cha habari chenye maswali kumi, yale ya nani, wapi na lini wanayapata karibu yote. Shida ni maswali ambayo jibu lake halikuandikwa waziwazi: "Kwa nini mama alinyamaza?" au "Ni nini kinaonyesha kuwa mzee alikuwa na haraka?" Hapo wapo wanaonakili sentensi nzima kutoka kwenye kifungu, wapo wanaoandika jambo ambalo halimo kabisa, na watatu wanaacha nafasi wazi. Kuwaambia "fikirini, jibu limefichwa humo" hakujasaidia kitu. Naomba hatua za kufuata darasani. Nina saa moja mara tatu kwa wiki, ubao, chaki na fotokopi chache.

Kalamu Nyekundu

Mwalimu, umeshafanya nusu ya kazi kwa kuyatenganisha hayo makundi matatu. Kila kundi lina tatizo lake. Anayenakili sentensi anaamini kwamba jibu lazima liwe limeandikwa mahali. Anayebuni anajua jibu linatoka kichwani, ila hajui kwamba maandishi ndiyo yanayompa ruhusa ya kulisema. Anayeacha wazi mara nyingi kuna neno limemzuia, au hajui "a" ya kwenye kitenzi ni ya nani. Kabla ya kufundisha lolote, keti na kila mmoja wa hao watatu kwa dakika tano. Mwambie akueleze kila sentensi kwa maneno yake. Pale anaporudia maneno ya kitabu yaleyale badala ya kueleza, ndipo uelewa ulipokatika.

Kung'amua kuna vitu viwili vinavyokutana: dokezo lililomo kwenye maandishi, na jambo ambalo msomaji analijua tayari. Kimoja kikikosekana hakuna jibu. Watoto wengi wana vyote viwili lakini hawajawahi kuonyeshwa vinavyounganishwa, kwa sababu mwalimu huunganisha kimyakimya kichwani mwake kisha anatoa jibu tu.

Tumia kifungu kifupi, maneno 30 hadi 70. Kifungu cha ukurasa mzima hakifai kwa somo hili, watoto wanatumia nguvu zote kukumbuka yaliyotangulia. Kiandike ubaoni. Kwa mfano hiki:

*Mzee Kondo alifika Feri jua likichomoza. Alikuta ndoo zimepinduliwa na mizani imefunikwa turubai. Alikunja kikapu chake akakitia kwapani. "Leo watoto watakula maharage tena," alisema. Kijana wa barafu, aliyekuwa amekaa juu ya kreti, hakumjibu. Aliendelea kutazama bahari.*

Hakuna mahali palipoandikwa kwamba samaki hawakuwepo, wala neno samaki lenyewe halimo. Hata hivyo kila mtoto wa Dar anajua Feri ni soko la samaki, anaweza kulifikia akiongozwa.

Chora safu tatu ubaoni: Maandishi yanasema, Mimi najua, Kwa hiyo. Kipindi cha kwanza jaza wewe mwenyewe huku ukiwaza kwa sauti, watoto wasikie. "Maandishi yanasema mizani imefunikwa. Mimi najua mizani hufunuliwa watu wanapouza. Kwa hiyo, biashara haijaanza au haipo leo." Usiruke safu ya katikati hata kama inaonekana ya kitoto. Hiyo ndiyo ambayo haijawahi kuonekana machoni pao.

Safu ya kwanza ina sharti: mtoto aandike maneno yasiyozidi matano, yaliyonakiliwa kama yalivyo. Ukiwaruhusu kuandika sentensi nzima, anayenakili ataendelea kunakili na hutajua kama ameona dokezo au la.

Baada ya hapo kuna zoezi ninaloliamini kuliko mengine yote, kufuta. Chukua dasta, futa neno moja, uliza jibu limebadilika vipi. Futa "tena" kwenye maneno ya Mzee Kondo. Kabla hujafuta, tulijua watoto wamekula maharage siku chache zilizopita, labda jana, na kwamba mzee hakufurahi. Ukishafuta, hayo yote yanaondoka, inabaki ratiba ya chakula. Rudisha "tena", sasa futa "alikunja kikapu chake". Je, bado unajua alikuja kununua? Mtoto akiona jibu linakufa neno likifutwa, anaelewa dokezo ni nini bila wewe kumpa maana ya dokezo.

Mwisho, kila jibu la safu ya tatu lipewe uzito: lazima, huenda, au haimo. "Mzee alikuja kununua kitoweo" ni lazima. "Kijana wa barafu hana kazi asubuhi hii" nayo ni karibu na lazima, maana barafu bila samaki hainunuliwi na yeye amekalia kreti. "Boti zimechelewa" ni huenda, kwa sababu anatazama bahari. "Kulikuwa na dhoruba" ni haimo. Inaweza kuwa upepo, inaweza kuwa mbalamwezi kwa wavuvi wanaotegemea taa, inaweza kuwa jambo jingine, kifungu hakijasema. Tumia muda mwingi hapa. Mtoto anayebuni anapona kwenye mstari kati ya huenda na haimo.

Ukisahihisha, kila swali la namna hii lipe alama mbili: moja ya jibu, moja ya ushahidi wenye maneno kutoka kwenye kifungu. Ukitoa alama ya jibu peke yake, wataendelea kubahatisha, na anayebahatisha vizuri hutamjua.

Ngeli na Nyakati

Nakubaliana na Kalamu Nyekundu, naongeza upande wa lugha yenyewe, maana vitabu vingi vya mbinu za kusoma vimeandikwa kwa ajili ya Kiingereza, na Kiswahili kinaficha dokezo mahali pengine kabisa. Kinalificha ndani ya kitenzi.

Anza na hili la "a" ni nani. Kwenye vitu, ngeli inamsaidia mtoto. *Alichukua kisu na panga akaenda shamba. Kilikuwa butu.* Kisu, bila ubishi. Badilisha iwe *Lilikuwa butu*, ni panga. Lakini watu wote wako ngeli moja, na hatuna "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. *Mariamu alimwona Rehema akitoka dukani. Alificha pakiti nyuma ya khanga.* Nani alificha? Sarufi haitoi jibu, lazima sentensi inayofuata itumike. Ongeza *Rehema alijifanya hakuiona*, basi aliyeficha ni Mariamu. Ongeza badala yake *Mariamu alijifanya hakuiona*, jibu linageuka. Dakika tano za zoezi hili mwanzoni mwa kila kipindi, jozi nne au tano za sentensi, zinawafaa sana wale watatu wanaoacha wazi. Mtoto aliyepoteza mtendaji kwenye sentensi ya pili hawezi kujibu "kwa nini" ya sentensi ya saba.

Halafu nyakati na ukanushi:

*Hakufika* na *hajafika*. La kwanza limefungwa. La pili linasema bado anasubiriwa. Ukiandika "Saa nne usiku baba alikuwa hajafika", umeshaweka mtu macho, anasubiri, bila kumtaja.

*-ngali-* na *-nge-*. "Angalijua, asingalipanda pantoni." Maana yake hakujua, na alipanda. Waulize: alipanda au hakupanda? Kosa la kawaida hapa ni kusema hakupanda, kwa sababu wameona "asi".

*-sha-*. "Wameshakula" inajibu wasiwasi wa mtu. Uliza nani alikuwa na wasiwasi, au nani amechelewa.

Na yale maneno madogo ambayo mtoto huyaruka kwa kasi: eti (anayesimulia halithibitishi jambo), kumbe (kabla ya hapo alidhani vingine), hata ("hata Juma alifaulu", Juma hakutarajiwa), bado, tena, ndiye. "Asha ndiye aliyevunja sahani" inatuambia kulikuwa na swali la nani alivunja, huenda mwingine alikuwa ameshasingiziwa. "Asha alivunja sahani" haituambii hivyo. Kijumba na jumba pia: mwandishi aliyeandika "kijumba" ametoa maoni yake kuhusu ile nyumba.

Wape penseli, wazungushie duara maneno haya kabla ya kusoma maswali. Duara nne au tano kwa kifungu zinatosha. Zikizidi hapo wanazungushia kila kitu na zoezi linapoteza maana.

Jambo moja la kuepuka: vitendawili. Vinapendekezwa sana kwa kazi hii, na mimi sivipendekezi kwa ufahamu. "Nyumba yangu haina mlango", darasa zima linapiga kelele "yai" kabla hujamaliza. Wamekariri, hakuna aliyeng'amua. Ukitaka kuvitumia, tunga vipya ambavyo hawajawahi kuvisikia, na udai wakuonyeshe neno gani liliwapeleka kwenye jibu.

Mama Kigamboni

Samahani walimu, mimi ni mzazi. Hivi si suala la kujua mambo tu? Wa kwangu ukimpa habari ya mpira anakueleza mpaka kile kocha alichokuwa anakiwaza. Mpe habari ya kilimo cha mkonge, anakutolea macho. Ni mtoto yuleyule.

Rafu ya Tatu

Dada, umegusa jambo lililopimwa. Mwaka 1988 kule Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi habari ya mchezo wa besiboli. Waliwagawa kwa uwezo wa kusoma na kwa kiasi wanachoujua mchezo. Waliokuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo walikumbuka na kueleza vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kwa hiyo safu ya "Mimi najua" aliyoichora Kalamu Nyekundu, ikiwa tupu, haijazwi kwa bidii.

Ila isiwe sababu ya kuacha kufundisha kuunganisha. Mwaka 2001 Uingereza, Kate Cain, Jane Oakhill na wenzao waliliziba hilo pengo kwa namna ya werevu. Waliwafundisha watoto kwanza mambo ya sayari ya kubuni, mpaka wote wakayajua sawasawa, kisha wakawasomea hadithi iliyohitaji mambo hayohayo. Watoto wenye ufahamu dhaifu bado waling'amua machache kuliko wenzao. Ujuzi walikuwa nao. Kilichowashinda zaidi ni kuchagua kipande gani cha hadithi kinahusika.

Kwa hiyo pima kwanza. Mtoto akikosa swali kuhusu mkonge, muulize pembeni, kitabu kikiwa kimefungwa: "Mkonge unatumika kutengeneza nini?" Akijibu kamba na magunia, ujuzi anao, kakosea kuunganisha, mrudishe kwenye safu tatu. Asipojua, swali lile halikupima kung'amua. Mpe maelezo ya dakika tano kabla ya kusoma: mambo matatu, yasizidi, yale tu ambayo kifungu kinayadhania. Kwa habari ya mkonge ningesema: ni zao kubwa la Tanga lenye majani marefu, majani yanasindikwa kupata nyuzi, nyuzi zinasokotwa kamba. Basi. Mwalimu akieleza kifungu chote kabla ya kusomwa, amewaibia kazi.

Nyumbani, dada, huhitaji vitabu vya ziada. Tumia maandishi mafupi yanayomzunguka. Karatasi mlangoni pa duka: "Tunafungua baada ya swala ya Ijumaa." Muulize leo ni siku gani, sasa ni kama saa ngapi, mwenye duka yuko wapi. Swali la nne ndilo muhimu: "Umejuaje?" Asiponyoosha kidole kwenye neno, hajamaliza.

Fomu Wani B

Wakuu, naomba niulizie upande wa sekondari. Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza waliofanya vizuri kwenye ufahamu wa Kiswahili, wakipewa kifungu cha Kiingereza wanarudi kunakili sentensi. Ina maana wamesahau?

Rafu ya Tatu

Hawajasahau. Maneno yamewazidi. Hesabu: chukua maneno 100 ya kifungu, mwanafunzi apige mstari chini ya asiyoyajua. Marcella Hu na Paul Nation, mwaka 2000, walikadiria kwamba msomaji wa lugha ya kigeni anahitaji kujua takriban maneno 98 kati ya 100 ili aelewe hadithi vya kutosha bila msaada. Akipiga mistari kumi au kumi na mitano, kunakili ndiyo njia pekee aliyobaki nayo. Kifungu chenye mistari zaidi ya mitano kwa mia usikitumie kufundishia kung'amua. Kitumie kufundishia msamiati, siku nyingine.

Kwa miezi ya mwanzo, fanya hivi: safu ya kwanza waandike kwa Kiingereza, maneno ya kifungu kama yalivyo, safu ya pili na ya tatu waandike kwa Kiswahili. Jibu likishasimama, ndipo walitafsiri. Ukiwalazimisha kuwaza na kutafsiri kwa pamoja, hutajua walianguka kwenye kipi.

Ticha wa Tandika

Nashukuru sana. Nimejaribu kifungu cha Feri leo kama kilivyo. Maswali mawili. Mtoto mmoja ameandika "Mzee Kondo hakununua kwa sababu hana hela", na anaitetea kwa nguvu. Nimjibu vipi bila kumvunja moyo? La pili, kwenye maswali ya kuchagua hawaandiki ushahidi, je, safu tatu zina kazi gani hapo?

Kalamu Nyekundu

La kwanza. Usimwambie amekosa. Mpe nafasi ya kulijaza kwenye safu: "Sawa, maandishi yanasema nini kuhusu hela?" Atatafuta. Huenda akakuletea "maharage tena", na hapo ana hoja, kwa sababu anajua nyumba inayokula maharage mfululizo huwa imebanwa. Ikubali kama dokezo, kisha mpeleke kwenye madokezo mengine: ndoo zimepinduliwa, mizani imefunikwa. Muulize: "Kama shida ni hela za mzee, mizani ya muuzaji ingefunikwa kwa nini?" Jibu lake linaeleza dokezo moja. Jibu la samaki kutokuwepo linaeleza yote manne: ndoo, mizani, kikapu, maharage. Mfundishe kuhesabu hivyo, jibu linaloeleza madokezo mengi zaidi ndilo linaloshika. Wengi wanaobuni husimama kwenye dokezo la kwanza lililofanana na maisha yao, hawaendelei kusoma wakitafuta la kulipinga.

La pili. Kwenye maswali ya kuchagua, majibu ya mtego yana sura chache, na watoto wanaweza kuzijua kwa majina. Upo mtego wa "kweli lakini si jibu": sentensi imetoka kwenye kifungu neno kwa neno, ila haijibu kilichoulizwa. Huo ndio unaowanasa wanakili wako. Upo wa "kweli duniani, haimo humu": kila mtu anajua Feri huuzwa samaki wengi, kwa hiyo wanaichagua. Na upo wa "iliyozidi", wenye maneno kama wote, daima, kamwe, kila siku. "Mzee Kondo hula maharage kila siku" inaonekana nzuri mpaka ukumbuke kwamba "tena" haimaanishi kila siku.

Zoezi: wape swali moja lenye machaguo manne na jibu sahihi likiwa limeshawekewa alama. Kazi yao ni kuandika jina la mtego mbele ya kila moja ya yale matatu yaliyobaki. Dakika kumi, maswali matatu. Wakishazoea, wiki ya tatu waambie watunge wenyewe swali moja lenye mitego yote mitatu, wabadilishane na jirani. Wanaotunga mtego wa "iliyozidi" kwa usahihi hawauangukii tena kirahisi.

Ratiba ya vipindi vyako vitatu ningeiweka hivi: siku ya kwanza kifungu kipya na safu tatu, pamoja ubaoni, siku ya pili zoezi la "a ni nani" dakika tano, kisha kifungu kingine wakiwa wawiliwawili, siku ya tatu kila mtu peke yake, kifungu kimoja, maswali manne, alama nane. Kifungu cha siku ya tatu kisifanane mada na cha siku ya kwanza. Ukirudia habari za samaki watakuandikia tu majibu ya Mzee Kondo.

Ngeli na Nyakati

Nyongeza ndogo kwa siku ya tatu: kati ya maswali manne, moja liwe ambalo jibu lake sahihi ni "kifungu hakisemi". Wasipolikuta kamwe, watajifunza kwamba kila swali lazima lipatiwe jibu, na wale wanaobuni watarudi palepale. Liweke la pili au la tatu, si la mwisho, maana wakizoea nafasi yake wataacha kusoma.